Anayetaka kazi ya TEHAMA kwa maendeleo aanzie kwenye rejesta ya zahanati

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wazazi na vijana ambao msimu huu wanachagua vyuo. Swali linaloulizwa sana ni kama kijana aliyesomea TEHAMA anaweza kupata kazi nje ya benki na kampuni za simu. Anaweza. Ipo fani nzima ya kutumia kompyuta na simu katika kazi za maendeleo: kufuatilia chanjo, kuchora ramani za mafuriko, kupeleka ushauri kwa wakulima, kulipa ruzuku za kaya maskini. Inaajiri watu wizarani, kwenye miradi na katika mashirika, hapa nchini na nje. Shida ni kwamba vijana wengi wanaianza katikati. Wanafika na programu ya simu waliyoibuni chuoni, na hawajawahi kushika rejesta ya wajawazito. Kazi yenyewe inaanzia kwenye rejesta hiyo.

Tutatumia zaidi mfano wa taarifa za afya, maana ndiko sisi tunakofundisha. Mfumo unaotumika Tanzania Bara kukusanya takwimu za afya unaitwa DHIS2. Mizizi yake iko Afrika Kusini, baada ya uchaguzi wa 1994, pale huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi za watu zilipohitaji kuunganishwa na kuhesabiwa upya. Toleo la mtandaoni lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania mwaka 2013. Wataalamu wake wakuu wako Chuo Kikuu cha Oslo, lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wa siku nyingi, na vijana waliofunzwa hapo wameandika programu zinazotumika katika nchi nyingine. Hiyo ni ajira ya kimataifa iliyoota nyumbani.

Sasa tazama namba moja inavyosafiri. Mjamzito anafika kliniki, muuguzi anamwandika kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), yaani rejesta ya wajawazito, mstari mmoja wenye safu nyingi, kalamu ya bluu. Mwezi ukiisha muuguzi huyohuyo anapitia kurasa zote, anahesabu, anajaza fomu ya majumuisho. Fomu inapanda pikipiki kwenda halmashauri, ambako mtu mwingine anaiingiza kwenye kompyuta, isipokuwa kwa vituo vinavyoingiza vyenyewe. Kutoka hapo inakuwa rangi kwenye ramani ya mkoa. Makosa mengi yamekwisha kuingia kabla kompyuta haijawashwa, na mtaalamu asiyejua njia hiyo atakesha akitafuta hitilafu kwenye seva, ile kompyuta kuu inayohifadhi data.

Kosa la kwanza ni sifuri na nafasi tupu. Muuguzi ambaye mwezi huo hakupata mgonjwa wa surua anaweza kuacha kisanduku wazi. Je, hakukuwa na surua, au hakuhesabu? Ni habari mbili tofauti kabisa, na kwa ugonjwa wa mlipuko tofauti hiyo ni maisha ya watoto. DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri mpaka msimamizi aiambie ihifadhi, kipengele kwa kipengele. Basi kama hukuwasha mpangilio huo kwa magonjwa ya kutolewa taarifa, kituo kilichojaza sifuri kwa uaminifu na kituo ambacho hakikujaza kitu vitaonekana sawasawa.

La pili ni mpangilio wa fomu. Mbunifu anapanga visanduku vya kwenye skrini kwa namna inayopendeza machoni pake, lakini karatasi ina mpangilio wake. Anayeingiza data ana fomu 40 mezani, anasoma karatasi huku vidole vinashuka na kitufe cha Tab bila kutazama skrini. Kisanduku kimoja kikihama, kila namba iliyo chini yake inakaa mahali pasipo pake. Dalili ni hii: umri mmoja unaonyesha wagonjwa wa jinsi isiyowezekana, kwa mfano wanaume waliojifungua. Dawa ni kuchapa skrini kwenye karatasi, kuiweka kando ya fomu halisi na kupitisha rula mstari kwa mstari. Ni kazi ya saa moja, na wasioifanya hutumia miezi kusafisha data.

La tatu ni asilimia zinazozidi mia. Kama halmashauri imekadiria watoto 400 wa chini ya mwaka mmoja na waliochanjwa ni 520, mfumo utasema 130. Kijana mgeni anadhani wauguzi wamedanganya. Huenda makadirio ya watu yalitoka kwenye sensa ya zamani, huenda kina mama wa wilaya jirani wanavuka mto kwa sababu zahanati yao haina jokofu la chanjo. Kabla ya kumwandikia mtu barua ya kujieleza, fungua kitabu, soma safu ya kijiji anachotoka mama. Jibu mara nyingi limeandikwa humo.

Na majina, jamani. Mwanamke mmoja anaandikwa Khadija kwenye kadi, Hadija kwenye rejesta, na kijijini kila mtu anamwita Mama Asha. Akitafutwa kwa jina haonekani, anafunguliwa kadi mpya. Mahudhurio yake manne yanagawanyika kwa watu watatu, na ripoti inasema wanawake wanaanza kliniki kisha wanatoroka. Usimtafute mtu kwa jina peke yake. Weka pamoja namba ya simu, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, na jina linalotafutwa kwa matamshi. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, inasaidia kwa wenye nayo, ila ina tarakimu 20, na Excel huhifadhi 15 tu kwa usahihi. Ukiibandika kwenye safu ya kawaida, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi tena. Tengeneza safu kuwa ya maandishi kwanza, ndipo ubandike. Fanya hivyo hivyo kwa namba za simu, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea na 0712 inabaki 712.

Nje ya afya mambo ni yaleyale. Zana ya kwanza ya kukusanya data kwa simu ambayo tungemshauri kijana aijue ni ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, pamoja na dada yake KoboToolbox. Zote zinafungua dodoso lililoandikwa kwenye lahajedwali ya kawaida, kama ya Excel: karatasi moja ya maswali, moja ya majibu ya kuchagua, moja ya mipangilio. Huhitaji kujua kuandika msimbo wa programu. Unahitaji kujua kuuliza swali, na hapo ndipo Kiswahili chenyewe kinapodai umakini.

Chukua saa. Shahidi anasema mtoto alizaliwa saa mbili asubuhi. Karani anaandika 2:00, na mtoto amezaliwa saa sita kabla ya wakati wake. Usiweke kisanduku cha saa cha kizungu mbele ya mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Uliza kwanza kama ni mchana au usiku, kisha saa kama ilivyotamkwa, na uiache fomu ifanye hesabu: ya mchana iongezwe 6, ya usiku iongezwe 18, na ikifika 24 au kuzidi ipunguzwe 24. Saa kumi na mbili asubuhi ihesabiwe pamoja na za usiku, vinginevyo itageuka kuwa jioni. Na tarehe je? Mtu anayesema “usiku wa Jumatatu” anaweza kuwa anamaanisha usiku wa kuamkia Jumatatu. Ongeza swali la uthibitisho: “Kesho yake ilikuwa siku gani?”

Vipimo vya mahali, vya GPS, navyo vina mitego. Simu inahitaji kuona mbingu. Chini ya bati inaweza kukupa kosa la makumi ya mita. Toka nje, subiri mpaka usahihi ufike mita 5 au karibu na hapo, na ikiwa simu imezimwa kwa muda mrefu au imesafirishwa mbali, ipe dakika kadhaa. Halafu angalia alama ya kutoa. Dodoma iko karibu na latitudo -6.17 na longitudo 35.74. Ukidondosha alama hiyo, zahanati ya Dodoma inahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukibadilishana namba hizo mbili, inazama baharini karibu na Tangier, Moroko. Zahanati ikikutwa huko, usianze kulaumu kifaa, angalia safu mbili za lahajedwali.

Picha moja ya simu ya kisasa ina megabaiti tatu au nne. Fomu ya maandishi matupu ni kilobaiti chache. Mratibu akiagiza “pigeni picha ya kila nyumba” bila kufikiri, amemaliza bando la wiki siku ya kwanza, na fomu zinakwama simuni. ODK inaruhusu kupunguza ukubwa wa picha ndani ya dodoso. Pikseli 1,024 kwa upande mrefu zinatosha kusoma kibao cha mlangoni. Na fundisha makarani kutuma kila jioni wanaporudi penye mtandao, si mwisho wa zoezi, maana simu inapotea, inalowa, inaibwa.

Umeme upigiwe hesabu kwa kalamu. Betri ya kishikwambi ya mAh 5,000 hubeba takriban Wh (wati-saa) 19. Vishikwambi kumi ni Wh 190, na ukiongeza upotevu wa chaja na kibadilisha umeme, andaa 250. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri la saa tano hutoa 500 kwa nadharia, lakini vumbi, joto na betri hula robo hadi theluthi. Inatosha kiangazi. Masika haitoshi, na mradi mwingi umekwama masika kwa sababu bajeti iliandikwa Julai.

Ujumbe mfupi kwa wakulima una siri yake. SMS moja ya kawaida ni herufi 160. Ukiingiza alama moja isiyomo kwenye jedwali la herufi za simu, ujumbe wote hubadilika na kila kipande kinabeba herufi 70 tu, au 67 vikiunganishwa. Kiswahili kina neno lake linaloleta balaa hili: ng'ombe. Ukiandika neno hilo kwenye programu ya kuchapa barua, kile kialama cha ng' kinapindwa kiwe cha mapambo, na hakimo kwenye jedwali. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu. Kwa wakulima 10,000, mradi unalipa SMS 30,000 kila wiki na mhasibu hajui kwa nini. Badilisha alama iwe iliyonyooka, hesabu upya, tuma.

Watu waliuona ukubwa wa kazi hii kwenye sensa ya Agosti 23, 2022, makarani walipopita na vishikwambi nchi nzima. Waliiona pia Dar es Salaam kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mafuriko ulioanza 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo walitembea na wakazi wa mitaa kupima mifereji. Kitu cha thamani pale hakikuwa simu. Ilikuwa kumuuliza mzee wa mtaa maji yalifika wapi, naye anaonyesha gotini, kiunoni, au kwenye alama iliyobaki ukutani. Upana na kina cha mfereji vinapimwa, vinaingizwa OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na mhandisi wa manispaa anapata ramani ambayo hakuwa nayo.

Kijana asome nini basi? Shahada ya kompyuta ni njia nzuri, lakini takwimu, jiografia, afya ya jamii na kilimo ni njia nzuri vilevile, mradi aongeze upande wa pili. Kwanza lahajedwali kwa undani. Kisha SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, kwa sababu DHIS2 na mifumo mingi huhifadhi data kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, na anayeweza kuandika swali la mistari kumi kuchuja marudio ana kazi. Kisha QGIS kwa ramani, na R au Python kwa uchambuzi. Anayetaka kuingia ndani ya mfumo wenyewe ajifunze Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, na kuhifadhi nakala za akiba za data, kisha lugha za programu: JavaScript, na Java ambayo ndiyo lugha ya seva ya DHIS2. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 na uliokua kutokana na kazi za kliniki za Eldoret, Kenya, ni programu huria kama DHIS2. Msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kupeleka marekebisho yake. Marekebisho matatu yaliyokubaliwa humo yanamsemea kijana kuliko kurasa tatu za wasifu.

Kuhusu nakala, neno moja kwa msisitizo: nakala ambayo hujawahi kuirejesha si nakala. Kila mwezi chukua faili la jana usiku, lirejeshe kwenye kompyuta nyingine, fungua ripoti moja, linganisha namba. Nakala isikae kwenye seva ileile, wala kwenye chumba kilekile.

Ajue pia sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina ya kwake ya 2019. Orodha ya watu wanaotumia dawa za VVU haitumwi kwenye kundi la WhatsApp, hata kama mkuu anaiharakisha. Neno la siri halibandikwi ukutani kwa karatasi ya gundi, na wauguzi watano hawatumii akaunti moja, kwa sababu siku namba ikibadilishwa hakuna atakayejua ni nani. Ukimpa kila mmoja akaunti yake, hakikisha kuna utaratibu wa kuifunga siku anapohamishwa. Hilo la mwisho husahaulika karibu kila mahali.

Tuzungumze sasa kuhusu mkate, maana wazazi wanataka kujua. Ajira nyingi za fani hii ni za mikataba ya mwaka mmoja au miwili, na fedha hutoka nje. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa. Watu wenye ujuzi wa miaka mingi walijikuta nyumbani ndani ya wiki moja. Hata FEWS NET, mtandao wa tahadhari za njaa uliokuwapo tangu 1985, ulizimwa kwa miezi. Hatusemi hili kumtisha kijana. Tunasema ajipange: ujuzi wake uwe wa aina ambayo halmashauri, hospitali ya misheni, ushirika wa kahawa au ofisi ya takwimu wanaweza kuulipia hata mfadhili akiondoka.

Na hapa tunazigeukia halmashauri na wizara. Mradi wa nje unapoisha huacha vitu vinne ambavyo ni lazima vikabidhiwe kwa maandishi: jina la tovuti na tarehe ya kulilipia upya, bili ya seva na sarafu inayolipwa, akaunti ya msimamizi mkuu ikiwa kwa barua pepe ya ofisi na si ya mtu, na maelezo ya kurejesha nakala. Kimoja kikikosekana, mfumo unaweza kufa ndani ya mwaka. Mara nyingi unakufa kwa jina la tovuti, bili ndogo kuliko posho ya siku moja ya semina. Uganda iliwahi kuchoshwa na majaribio yasiyoisha mpaka Januari 2012 Wizara ya Afya ikasimamisha mapya yote, ili kila mradi uoneshe kwanza utaungana vipi na mfumo wa taifa. Tunaona ulikuwa uamuzi wa haki, na tungependa kuuona ukifuatwa kwetu kwa kila anayekuja na kishikwambi kipya.

Tunaomba pia kila halmashauri itenge nafasi ya kudumu ya mtu wa taarifa, mwenye pikipiki na fungu la mafuta, ambaye kila mwezi anatembelea zahanati kadhaa, anachukua kitabu, anahesabu upya vipengele vitano na kulinganisha na kilichoko kwenye mfumo. Tofauti ikizidi asilimia 10, akae na muuguzi wahesabu pamoja, kwa upole, kwani muuguzi huyo pengine yuko peke yake na foleni iko nje. Kazi hii haihitaji mfadhili.

Vyuo navyo vitumie wiki za mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wa TEHAMA wengi hupelekwa ofisi za mjini kurekebisha printa. Wapelekwe wawiliwawili kwenye zahanati mwishoni mwa mwezi, siku ya kujumlisha, wakae kwenye benchi kando ya muuguzi na kitabu namba 6, wahesabu naye kurasa zote mpaka fomu ijae. Ripoti yao ya mafunzo iwe ni orodha ya mahali hesabu zao na zake zilipotofautiana, na sababu ya kila tofauti.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wakufunzi wa mifumo ya taarifa,
Dodoma